Lugano Anajifungua Novemba

Jumapili, wiki ya mwisho ya Septemba. Kinama, Bujumbura. Saa kumi na moja jioni.

Joto. Watu wa hapa wananiambia mvua iko njiani, na wamekuwa wakiniambia hivyo kwa wiki mbili sasa, kwa uso wa kunifariji kama wanaongea na mgonjwa. Mimi ni mtu wa Tukuyu. Nimezaliwa kwenye ukungu, nimelelewa kwenye matope, na hadi nafikisha umri huu sijawahi kulala bila blanketi. Sasa nimekaa kizingitini, miguu iko ndani ya beseni la maji, naandika kwa simu. Baba Lugano yuko nyuma ya kanisa, anafungua pampu ambayo kwa maoni yangu haijaharibika.

Shajara, nina la kukiri. Nimelificha miezi miwili na nusu.

Kwa mgeni anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mkunga mstaafu. Nilifanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na moja. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai. Mwezi wa sita tulifunga nyumba yetu, tukaja Burundi kulitumikia kanisa kwa kujitolea, miaka miwili. Yeye anatengeneza kila kinachogoma, mimi nawahudumia wajawazito na waliojifungua kwenye zahanati ndogo ya kanisa. Blogu alinifungulia mpwa wangu ili ndugu wajue tunaendeleaje. Mtoto wetu ni mmoja tu, Lugano, ameolewa Mbeya. Yeye haisomi. Anasema naandika kama nakabidhi zamu.

Na kuja huku ilikuwa fikra yangu. Hilo nataka liandikwe wazi. Baba Lugano alikuwa na ndizi zake, ng'ombe wake wawili na redio yake, hana shida na mtu. Mimi ndiye niliyesikia tangazo kanisani na kurudi nyumbani nikiwa nimeshawaka. Nililipigia debe kwake mwaka mzima. Siku alipokubali alisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini akaniomba nikumbuke nani aliyevua nguo kwanza.

Tulisaini makubaliano mbele ya madhabahu. Mwaka wa kwanza hakuna kurudi nyumbani, isipokuwa kwa msiba wa mzazi, mtoto au mwenzi. Mimi ndiye niliyemsomea Baba Lugano sharti hilo kwa sauti, nikamwelezea na hekima yake: mtu akienda kwao mapema moyo haurudi naye. Nililieleza vizuri sana.

Sasa nije kwa Lugano.

Lugano amengoja mtoto miaka tisa. Mimba mbili ziliharibika, moja mikononi mwangu, na nyingine hakuniambia mpaka ilipokwisha. Kila Krismasi alipokuja nyumbani nilimtazama tumbo kabla ya uso, halafu nikajichukia. Naye aliona. Mtoto wa mkunga hafichwi jicho la mkunga.

Nitaandika hili upesi kabla sijaona aibu: kufikia mwaka jana nilikuwa nimeacha kuliombea. Nilichoka. Nilikuwa naombea watu wote, hata mwenyekiti wa kijiji nisiyempenda, nikifika kwa Lugano naruka. Na tangazo la kanisani liliponiwasha, sehemu ya moto ule ilikuwa ni kukimbia uso wa mwanangu. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilisema ni wito. Ulikuwa wito, lakini haukuwa peke yake.

Siku ya kuondoka alikuja stendi kutuaga. Alivaa dera pana, alikataa chai, alikataa hata mhindi wa kuchoma ambao yeye anaupenda kuliko mume wake. Alinikumbatia kwa ubavu. Mkunga wa miaka thelathini na moja, nimewatambua wanawake wenye mimba kwa namna wanavyokaa kwenye benchi, na siku ile sikuona kitu. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mabegi.

Alikuwa na miezi minne.

Alinipigia katikati ya Julai, mimba ikiwa imeshika mwezi wa sita. Akasema, "Mama, safari hii amekaa." Nilipiga kelele hadi majirani wakaja mlangoni. Nikacheka, nikalia, nikamuuliza uzito, presha, damu, kisha akaniuliza yeye, kwa sauti ndogo: "Novemba utakuwepo?"

Nikamjibu nitakuwepo.

Sikufikiri hata sekunde. Lilitoka lenyewe. Kwetu uzazi wa kwanza binti huja kujifungulia kwao, na mama yake ndiye anayempokea, anamkanda, anampikia, analala naye chumba kimoja hadi kitovu kidondoke na zaidi. Wodini nilikuwa nawagombeza wanawake wanaokandwa kwa maji yanayochemka, nikiwaonyesha na michoro. Nyumbani nilikuwa nimemtengea Lugano sufuria kubwa tangu mwaka aliofunga ndoa. Mganga hajigangi.

Tangu siku ile nina ahadi mbili. Moja niliitoa mbele ya madhabahu, nyingine kwenye simu nikiwa nimeshika mwiko, na haziwezi kukaa mwezi mmoja. Baba Lugano nilimwambia habari ya mimba, tukafurahi pamoja, lakini ahadi niliyotoa sikumwambia.

Jumanne iliyopita nilikwenda Kigobe, iliko ofisi ya kanisa, kuomba ruhusa. Nilimwambia Baba Lugano nafuata dawa. Mafuta ya magari yalikuwa yameadimika tena mjini, hivyo nilitembea kwa miguu kwenda na kurudi. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wa msimamizi wetu karibu saa nzima. Katibu wake akaniletea maji, akaniuliza kwa adabu kama nina miadi. Nikasema nilikuwa napumzika tu, nikaondoka.

Njiani nilijidanganya kwamba niliogopa kukataliwa. Si kweli. Niliogopa kukubaliwa. Msimamizi ni mtu mpole, angeweza kusema nendeni mama, Mungu atatupa wengine, na hapo ingebidi tufungashe. Na mimi sitaki kufungasha. Tangu nistaafu nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri sina wa kumuamkia. Hapa Jumatatu na Alhamisi kuna wanawake wananingoja kwenye benchi. Natamani kuwa karibu na mwanangu hadi kifua kinauma, na sitaki kuondoka. Yote mawili ni ya kweli. Nimejaribu kulifukuza mojawapo kwa maombi na halitoki.

Jana ndipo mambo yalipofika mahali pabaya. Mkwe wangu alinipigia, kijana mtaratibu, huwa hanipigii bila sababu. Aliniambia mama yake alijitolea kuja kukaa na Lugano miezi mitatu. Dada wa kanisani kwao naye alijitolea. Lugano amewakatalia wote wawili. Amewaambia, "Mama yangu anakuja." Mkwe akaniuliza tu ninaingia lini, aje kunipokea.

Nilimwambia mtandao mbaya. Ulikuwa mzuri kabisa.

Leo baada ya ibada, kina mama wa kanisa walinichukua twende kumwona Chantal. Chantal ana miaka ishirini na miwili, alijifungua mtoto wa kike wiki iliyopita, anakaa na mume wake chumba na sebule, mitaa mitatu kutoka hapa. Safari ya namna hii wao wanaiita guhemba: mzazi anapelekewa vya kumrudishia nguvu. Tulikwenda wanawake saba, vikapu kichwani, unga wa mtama, maharage, maziwa na kreti mbili za Fanta. Kiongozi wetu ni Mama Goreti, mjane mwenye duka la vitenge, mwanamke anayecheka bila kufungua mdomo.

Sasa nilichofanya. Nilipoingia tu nikamwona mtoto kitandani amefunikwa mablanketi mawili kwenye joto hili. Miguu ikanipeleka yenyewe. Nikanawa mikono, nikamfunua mtoto, nikamkagua kitovu, nikamgeuza, nikamsikiliza anavyopumua. Kisha nikamgeukia Chantal, nikamwambia alale chali nimpapase tumbo.

Nikageuka. Wanawake sita bado wamesimama na vikapu kichwani. Mume wa Chantal amesimama. Shangazi yake, mwenyeji wetu leo, amesimama na sura imembadilika.

"Mama Lugano," akasema Mama Goreti taratibu, "njo ukae kwanza. Apa kwetu apana kuanza na mutoto. Tunaanzaka na maneno."

Nilikuwa nimesahau. Warundi hawafanyi jambo bila hotuba. Mgeni anakaa, msemaji wake anasimama, anasema tumetoka kwa nani, tumeleta nini, tumekuja kwa moyo gani. Mwenyeji anajibu. Ndipo soda zinafunguliwa, ndipo mtoto anapitishwa mikononi. Nilikuwa nimeingia nyumba ya watu kama askari wa afya.

Mama Goreti akamwinamia yule shangazi. "Mumusamehe. Uyu mama ni munganga. Mikono yake inatangulia kinywa."

Wakacheka, Mungu awabariki. Halafu yule shangazi akanipa dawa yangu: akaniambia kwa kuwa nimetangulia kumshika mtoto, basi hotuba ni yangu.

Nilisimama. Nilisema tumetoka kanisani, tumeleta unga na maziwa. Nilipotakiwa kusema tumekuja kwa moyo gani nikakwama, kwa sababu moyo wangu ulikuwa Mbeya. Nikasema tumekuja kwa moyo wa mama. Nikakaa haraka.

Aliyetujibu hakuwa shangazi. Chantal alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya maziwa, na kwenye simu alikuwepo mama yake mzazi. Yuko Arabuni, anafanya kazi za ndani kwa mkataba, Jumapili anapewa nafasi kidogo ya kushika simu. Mwanamke mdogo, kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kana kwamba naye amekuja sebuleni.

"Mi siko apo, munisamehe," alisema. "Tangu mimba iko ya miezi mbili nilimwambia Chantal: mi sitafika, usinihesabu. Utafute bamama. Nililia, na yeye akalia, tukamaliza. Leo nawaona bamama. Merci sana. Imana ibahezagire."

Mungu awabariki, ndicho alichosema mwisho. Kisha akamwomba anayemshika mtoto amsogeze karibu na kamera. Niliyemshika ni mimi. Alimtazama kwa muda mrefu, na mimi nikashika tu, mikono imenyooka, mpaka mabega yakauma.

Usinihesabu.

Alimwambia kweli mapema, ndiyo maana chumba kile kilikuwa kimejaa. Chantal alijua hana mama wa kumngoja, akaenda mwenyewe kwa Mama Goreti na tumbo lake la miezi mitano, akasema naomba watu. Na mwanangu, mwenye mama mkwe mzuri na dada wa kanisani mwenye nafasi, anawafungia mlango kwa heshima yangu mimi. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. La kwangu liko pale Mbeya, limekaa kitini, limewazuia wengine kukaa.

Wakati wa kurudi nilimwomba Baba Lugano, aliyekuja kutupokea njiani, tupunguze mwendo. Nikamwambia yote. Ahadi, Kigobe, dawa ambazo sikufuata, simu ya mkwe. Nilitegemea atanisema. Miaka thelathini na sita ya ndoa amenisema mara mbili, na zote nilistahili.

Alitembea hadi tukapita kisima. Halafu akaniambia kwamba Ijumaa, anaposema anakwenda kutafuta vipuri, huwa anapita bandarini. Anasimama pale wanapopakia meli za mizigo za Kigoma. Wapagazi wameshamzoea, wanamwita Mtanzania. Anawauliza meli inaondoka saa ngapi, wanamwambia, anasema haya, anarudi. Kila Ijumaa tangu Julai.

Na mimi nilikuwa nikimsikia anapiga mluzi asubuhi nikadhani ana furaha, nikamwonea wivu.

Akasema, "Mama Lugano, ukisema twende, kesho nafunga begi. Ukisema tubaki, nabaki. Ila mtoto asiendelee kuwekwa njia panda."

Nilimwambia nataka kubaki. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kwa sauti yangu. Alinishika mkono, pale barabarani, mzee wa Kinyakyusa, mchana kweupe, watoto wakatucheka. Kisha akaenda zake kwenye pampu, na sasa ndiyo naelewa kwa nini pampu nzima inafunguliwa.

Nilimpigia Lugano saa tisa na nusu.

Sikuanza na presha wala uvimbe wa miguu. Nilimwambia: "Lugano, nilikuahidi kitu ambacho sikuwa nacho. Novemba sitakuja. Ningeweza kupigania nije, na sijapigania. Mwite mama mkwe wako aje. Usinisubiri."

Kimya. Nikaendelea kuongea ndani ya kile kimya, nikamwambia nampenda, nikamwambia kuhusu mwaka niliochoka kumwombea, yote, nikalia kwenye simu kama mtoto. Nilipoitazama, ilikuwa imekatika. Sijui ilikatikia wapi.

Ikabidi nipige tena, niseme tena. Mara ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu unajua linavyouma. Sehemu ya maombi sikuirudia. Usinisubiri nilirudia.

Safari hii alikuwepo, nilimsikia anavyohema, pumzi fupi za mwezi wa nane. Akasema, "Mama, siku ile stendi sikukwambia makusudi. Ningekwambia usingekwenda. Nilikuwa nimeshakubali kwamba sina mama Novemba. Nilishalia, nikamaliza. Halafu wewe ukasema utakuwepo."

Nikasema najua.

"Hujui. Miaka tisa nimemngoja mtoto, Mama. Sikutaka kukungoja na wewe."

Hakupaza sauti. Lugano hajawahi kunipazia sauti, hata alipokuwa na miaka kumi na tano na haki yote ya kufanya hivyo. Aliniambia atampigia mama mkwe wake leo hii, kabla mumewe hajarudi. Aliniuliza baba yake anakula vizuri. Nikamwambia anakula ndagala, dagaa wa hapa, kila siku na hajanenepa. Akacheka kidogo, akasema mtoto anapiga teke, akasema anataka kulala.

Naiweka hii hapa kwa kuwa Baba Lugano na Lugano wote wawili sasa wanajua. Kesho ni Jumatatu, kwenye orodha nina wajawazito kumi na mmoja, na kuna mmoja presha yake hainipendezi.

Sikumuuliza Lugano kama amenisamehe. Nilitamani sana kuuliza, neno lilikuwa mdomoni. Lakini angelazimika kunijibu, akanibembeleza, akaanza kunibeba na mimi. Tumbo linamtosha.